Keki ya Ubongo

Shemeji mtu alipoingia jikoni akasema anataka keki yenye umbo la ubongo, Mama Chiriku alidhani ni mzaha, tena mzaha wa kipumbavu. Alikuwa ameinamia keki ya harusi ya ghorofa tatu, anachora ua la mwisho, na mkono wa mwokaji ukishaanza ua hautikisiki hata nyumba ikiungua. Akamaliza ua lake. Akauweka chini mfuko wa krimu. Ndipo alipogeuka.

"Umbo la nini?"

"La ubongo, shemeji. Wa rangi ya waridi, wenye ile mikunjo mikunjo." Akatoa simu na kumwonyesha picha aliyoiokota mtandaoni: ubongo wa sukari juu ya sinia, unang'aa kana kwamba umelambwa. "Tunaukata jukwaani, halafu tunanadi kipande kimoja kimoja. Watu watalia. Na watu wakilia, wanatoa."

Mama Chiriku alilitazama lile pambo la waridi kwenye kioo cha simu, akautazama uso wa shemeji yake uliojaa furaha ya mtu aliyepata wazo, akashindwa kujua kipi kinamtia kichefuchefu zaidi.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba wa mama mkwe, mkandarasi wa majengo, na mwenyekiti wa Mfuko wa Chiriku. Uenyekiti wenyewe hakuchaguliwa. Alijikalia tu, kama kuku anavyojikalia kiti cha mgeni, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumfukuza. Nyumbani walimwita Mwenyekiti, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, naye ile nusu ya kejeli hakuwahi kuisikia.

Mfuko ulianzia kwenye meza ya jikoni hiyohiyo, miezi minane baada ya kumzika Chiriku akiwa na miaka saba. Shabaha yake ilikuwa moja: kuchangia utafiti wa saratani ya ubongo ya watoto. Maneno hayo Mama Chiriku aliyaandika kwa mkono wake, yakapigwa chapa kwenye barua, kwenye makopo ya michango, hata kwenye mgongo wa fulana. Majirani walichangia. Wateja wa keki walichangia. Mwalimu wa Chiriku alitembea mji mzima na kopo lake, mvua na jua.

"Haya, na hela zikipatikana zinakwenda maabara," Mama Chiriku akasema. Hakuwa anauliza.

Shemeji akajikuna kisogo. "Hapo ndipo nilipotaka tuongee. Kamati imekaa."

"Imekaa lini? Mbona mimi sikuitwa?"

"Si ulikuwa na keki ya watu, shemeji. Hatukutaka kukusumbua."

Kamati ilikuwa yeye, mkewe, binamu zake wawili, na rafiki yake mmoja ambaye hakuna aliyejua aliingia kwa mlango gani. Walikuwa wamekaa, na wameamua kujenga Chumba cha Chiriku: chumba cha kusubiria pale hospitali, chenye kuta zilizochorwa ndege, televisheni kubwa, viti vya rangi rangi, na kibao cha shaba mlangoni. Mwenye kiwanda cha rangi ndiye angekuwa mgeni rasmi. Angetoa hundi nono, na rangi bure. Ujenzi angeusimamia Mwenyekiti mwenyewe, kwa bei ya kindugu.

"Tuliwaambia watu ni utafiti."

"Shemeji, utafiti haupigiki picha!" Akaipiga meza, ghorofa tatu za keki zikatetemeka. "Mtu katoa hela yake, anataka asimame mbele ya kitu, apigwe picha. Asimame mbele ya nini? Mbele ya chupa? Na mkono mtupu haulambwi. Huyu mzee wa rangi tukimkosa, tumekwisha. Mama atatia sahihi palepale jukwaani, mbele ya kamera, kazi ianze."

Mama aliyemtaja ni mama mkwe. Walimfanya mlezi wa Mfuko kwa ajili ya pambo, maana bibi mwenye mvi anapendeza kwenye picha. Ila katika kanuni za Mfuko kulikuwa na kifungu kwamba matumizi makubwa hayapiti bila sahihi ya mlezi. Kifungu hicho Mwenyekiti alikiweka mwenyewe, kwa kuwa sahihi ya mama yake aliihesabu kama kitu kilichomo mfukoni mwake.

Kufa kufaana, wahenga walisema. Lakini hawakusema mtu aje msibani na ngazi na ndoo ya rangi! Mama Chiriku alitaka kumtoa mle jikoni kwa mwiko. Badala yake akaosha mikono, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo shemeji hakulijua, na lilikuwa limemkaa kooni kwa miaka miwili.

Chiriku walimwita jina hilo kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Aliamka na habari na kulala nazo. Alikaa juu ya kigoda jikoni na kuyaambia mayai lipi litavunjwa kwanza na lipi lisubiri zamu. Kisha siku moja jicho lake la kushoto likaanza kuingia ndani. Akawa anajikwaa kwenye sakafu iliyo sawa. Maneno yakaanza kunata, kama ya mlevi, naye mwenyewe akacheka akidhani ni mchezo. Alipopigwa picha za kichwa, daktari alizining'iniza kwenye ubao wa taa, akaonyesha mahali nyuma chini, penye shina la ubongo.

"Si mtoe huo uvimbe," Mama Chiriku alisema.

"Ungekuwa kama kokwa ndani ya tunda, ningeutoa kesho asubuhi. Lakini umejichanganya na ubongo wenyewe." Daktari alikuwa amechoka, na alikuwa mkweli. Akautazama unga uliokuwa umeganda kwenye mkono wa blauzi yake. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Naoka keki."

"Ukishakoroga kakao ndani ya rojo, unaweza kuitoa?"

Akaelewa. Angetamani asielewe, lakini mwokaji hawezi kujifanya hamnazo kwenye jambo la kakao. Maji yakimwagika hayazoleki, na rojo ikishakorogwa imekorogwa. Daktari akaongeza kwamba dawa ya maana hana, ana mionzi ya kununua miezi kadhaa, na kwamba wanaoutafiti ugonjwa huu ni wachache kwa sababu wanaowalipa ni wachache zaidi.

Walinunua miezi kumi na mmoja. Karibu na mwisho, mtafiti wa maabara ya hospitali, msichana mpole mwenye miwani mikubwa, alisimama mlangoni mwa wodi akashindwa kuingia. Akaomba akiwa kizingitini: siku ile ikifika, wangeruhusu kichukuliwe kipande cha uvimbe? Baba Chiriku, ambaye ni fundi wa mafriji na mtu wa maneno ya kuhesabu, aliuliza swali moja tu. "Mtakihifadhi kwenye nini?" Mtafiti akajibu kuwa kuna friza ya baridi kali. "Nionyeshe," akasema Baba Chiriku. Akaiona, akaugusa mlango wake, akarudi akatia sahihi. Tangu hapo kila mwezi alibeba sanduku lake la vifaa, akaenda kuisikiliza mota ya ile friza na kukagua mpira wa mlango wake. Hakuchukua malipo. Kwa mama yake alisema ni kazi ya hospitali tu.

Maana mama mkwe hakuambiwa. Nani angemwambia? Huyu ndiye bibi ambaye, mumewe alipokatwa mguu, aliudai ule mguu kwa madaktari hadi wakampa, akauzika kwa heshima zote miaka minne kabla ya mwenyewe kuufuata. "Mtu anarudi udongoni mzima," ndilo lilikuwa neno lake. Wangeanzia wapi kumwambia kwamba mjukuu wake alizikwa pungufu?

Kwa hiyo kipande kile, kikubwa kama ncha ya kidole, kilikuwa kwenye friza kikiwa na namba badala ya jina. Mtafiti alikuwa na mpango wa kazi ya miaka mitatu: kuzikuza chembe zake, kuzijaribia dawa moja baada ya nyingine. Alichokosa ni fedha za kuanzia. Na sasa fedha zilikuwa njiani kwenda ukutani. Zikipakwa ukutani, basi mtoto wa Mama Chiriku alikatwa bure.

Akafuta mikono. "Nitaoka," akasema.

"Ndiyo maana nakupenda, shemeji," Mwenyekiti akasema, "huna kinyongo."

Siku ya hafla aliamka na jogoo. Pale ukutani karibu na oveni, anaponingʼiniza oda za wateja, alibandika picha ya kichwa cha Chiriku, ile ya mwisho. Akaoka vipande viwili vikubwa vya juu, kimoja kidogo cha nyuma, na shina kwenye kikopo chake chembamba. Rojo ya shina aliigawa mara mbili, nusu akaitia kakao, akazirudisha pamoja. Kwa keki ya rangi mbili ya kuuza, unakoroga mara tatu unaacha, michirizi ibaki inapendeza. Safari hii alikoroga mara tatu, akaitazama picha ukutani, akaendelea kukoroga.

Keki ikishapoa inachongwa, na vile vipandevipande vya kuchonga mwokaji huvila. Ndivyo anavyojua kama keki imekubali. Ni mazoea ya miaka ishirini, hayapitii kichwani. Alichonga shina, akalisawazisha ubavuni, akatupia kipande cha keki mdomoni, akatafuna, na ulimi ukamwambia: tamu.

Alifika kwenye sinki kwa bahati. Alitapika mpaka nyongo. Mumewe alimkuta ameshikilia bomba kwa mikono miwili.

"Umekula nini?"

"Keki."

Baba Chiriku alifungulia maji, akaosha sinki. Kisha akaliendea lile shina, akalitazama, akaitazama na picha ya ukutani. "Umepaweka penyewe," akasema.

"Penyewe."

"Mama atakuwepo. Sitaki ajue kwa njia hiyo."

"Sitasema kitu kuhusu friza. Nitawaonyesha keki tu."

Hafla ilikuwa ya mchana, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa tepe kiunoni kama wagonjwa wa mgongo. Mama Chiriku aliingia na trei yake imefunikwa, akasimama.

Mwanawe alikuwa kila mahali. Alikuwa kwenye fulana za wahudumu, uso umevutika juu ya vitambi hadi meno ya mbele yameachana. Alikuwa kwenye chupa za maji. Alikuwa kwenye puto, na puto moja lilishapasuka na kulala chini na nusu ya shavu. Na mezani, pembeni ya kila sahani, kulikuwa na leso za karatasi zilizopigwa chapa ile picha yake ya siku ya kwanza ya shule.

Leso. Za kufutia midomo.

Nani aliyekaa akawaza hivyo? Mke wa Mwenyekiti ndiye aliyeagiza, na alijisifu mwenyewe kwamba walipata kwa bei nzuri. Mama Chiriku alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa akatazama watu wakila. Mtu mzima mwenye tai akachukua uso wa Chiriku, akajifuta mchuzi, akaukunja, akatemea mfupa ndani yake. Mwanamke mmoja akambusu kwa rangi nyekundu ya mdomo, akamtupa chini ya meza. Zilikanyagwa zikatapakaa hadi mlango wa choo. Kinyaa kilimpanda Mama Chiriku. Hakikuwa kinyaa cha uchafu, maana amelea mtoto mgonjwa na amefuta kila kinachotoka mwilini mwa binadamu. Kilikuwa kinyaa cha kuona watu wasafi.

Hata mama mkwe alimkera. Bibi alikuwa meza ya mbele na gauni lake zuri na mkoba mkubwa mapajani, anatafuna huku mafuta yanang'aa mdomoni na kidevuni, hajifuti. Kila mara aliinama chini ya meza kama anayetafuta kiatu. Uzee huu, akawaza Mama Chiriku, hata mdomo umemshinda.

Mshereheshaji alipiga kelele kama yuko mnadani, na kweli alikuwa mnadani. Mwenyekiti alipanda jukwaani akapiga chuku bila haya. "Shujaa wetu! Alipigana kama simba! Hata siku ya mwisho alikuwa anatabasamu!" Skrini ikaonyesha video ya mtoto anacheka, na muziki wa kuliza ukapandishwa sauti. Watu wakalia walipotakiwa kulia, wakachukua leso. Mtafiti aliyekuwa amepewa dakika tano za kuzungumza aliambiwa ratiba imebana. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, pamoja na wazazi watano au sita wenye watoto wagonjwa, ambao walialikwa ili ionekane wamealikwa.

Ratiba ikafika kwenye keki. Baada yake mnada, na baada ya mnada sahihi. Karatasi ya makubaliano ya Chumba cha Chiriku ilikuwa tayari mbele ya mama mkwe, kalamu juu yake. Kando ya jukwaa ilisimama hundi ya mfano, ya kadibodi, ndefu kuliko mlango.

Mgeni rasmi, mwenye kiwanda cha rangi, akapanda jukwaani akifunga kifungo cha koti. Mama Chiriku akafunua trei. Ukumbi ukasema "Aaah!" kwa ile sauti ya watu wanaoona kitoto kichanga. Ubongo ulikuwa wa waridi, wa mikunjo, mzuri wa kutisha. Kamera zikamulika. Mshereheshaji akampa mwokaji kipaza sauti amkaribishe mgeni kukata, kama ilivyo kawaida.

"Mgeni rasmi," akasema Mama Chiriku, "kabla hujakata, nisaidie kitu kimoja."

Akatoa uzi mfukoni, kwa sababu keki laini haikatwi kwa kisu bali kwa uzi, akaupitisha kwenye shina. Likafunguka vipande viwili. Akaigeuza trei ili ukumbi uone. Ndani palikuwa na njano iliyoingiwa na kahawia, huku imetanda, huku nyuzi nyuzi, huku kama moshi.

"Hii ya njano ndiyo inayokufanya upumue, umeze, uongee. Hii ya kahawia ni ugonjwa. Naomba utoe kahawia. Ya njano usiiguse."

Mgeni rasmi akacheka. Ukumbi nao ukacheka, maana mgeni rasmi amecheka. Akachukua kisu, akachokoa kwa ncha. Chembe zikaanguka, njano na kahawia pamoja. Akachokoa upande mwingine. Kicheko kilianza kupungua kutokea meza za nyuma. Akainama zaidi, sasa akiwa amekaza taya kama mtu aliyekataa kushindwa na keki, na kadiri alivyochimba ndivyo shina lilivyobomoka, hadi akabaki na shimo na vidole vyenye krimu.

"Haitoki," akasema.

"Haitoki."

"Si imechanganyika yote."

"Imechanganyika yote, baba. Ndiyo maana hawakumpasua. Na hakupigana kama simba. Alikuwa na miaka saba. Alisinzia, akashindwa kumeza, akashindwa kusema, yeye aliyekuwa anasema na mayai. Hakutabasamu siku ya mwisho. Tuliwaambia watu hela zao zitatafuta namna ya kuitoa hii kahawia. Hakuna rangi ya ukuta inayoitoa."

Mgeni rasmi alitafuta pa kufutia vidole, hakuona. Alikuwa ameaibika, na mkubwa akiaibika hutafuta wa kumgawia. "Tusitishane, mama," akasema kwa sauti ya kwenye mikutano. "Mambo ya ndani ya kichwa cha mtoto, nani aliyaona yako hivyo? Si madaktari wanakisia tu?"

Mama Chiriku angeweza kusema waliona kwenye picha. Ndilo jibu alilokuwa nalo tayari. Lakini hasira haina breki, na ukweli uliofungiwa miaka miwili hauombi ruhusa.

"Hawakisii. Wameyaona kwa macho. Tuliwapa."

Alisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kutoka kwenye spika za pande zote. Kule chini, Baba Chiriku alifumba macho.

"Mliwapa nini?" Mama mkwe alikuwa amesimama.

"Zima maiki!" Mwenyekiti alikuwa keshapanda jukwaani, leso ya mezani bado mkononi. "Zima! Shemeji, una nini wewe? Unatia kinyaa! Watu wanakula!"

"Nimeuliza mliwapa nini."

Baba Chiriku aliinuka. Hakuhitaji kipaza sauti. "Mama, mimi ndiye niliyetia sahihi. Ni kipande cha ule uvimbe. Ncha ya kidole. Kipo hospitali, kwenye friza."

"Friza ipi?"

"Ile ninayokwenda kila mwezi."

Bibi alimtazama mwanawe mkubwa. Mama Chiriku alisubiri laana, na moyoni alishakubali kwamba anaistahili. Kisha bibi akageuka, akapanda ngazi za jukwaa moja moja akishikilia mkoba, akamfikia mwanawe mdogo. Akamtoa ile leso mkononi. Akaifungua. Uso wa mjukuu wake ulikuwa na mchuzi kuanzia kipaji cha uso hadi kidevuni.

"Kinyaa," akasema. "Umesema kinyaa."

"Mama, tutaongea nyumbani..."

"Mimi nimekaa hapa tangu saa sita na mafuta mdomoni, sina pa kufutia. Kila nikinyoosha mkono, mtoto." Akaufungua mkoba akauinamisha. Zilikuwa leso, kumi, ishirini, zaidi. Zenye mafuta, zenye rangi ya mdomo, zenye alama za viatu. "Nimeziokota moja moja huko chini. Mgongo wenyewe huu. Nyinyi mkipiga makofi, mimi naokota mjukuu."

Mke wa Mwenyekiti alianza kulia, safari hii bila muziki. Mama Chiriku alitaka ardhi impasukie. Alikuwa amemhesabia bibi yule uzee, kumbe katika ukumbi mzima, yeye mwenyewe akiwamo, ni mmoja tu aliyeinama.

"Hicho kipande kinafanya nini huko?" bibi akauliza.

Mtafiti akainuka kule nyuma, miwani imeteleza puani. "Hakifanyi kitu, bibi. Kinasubiri. Tukipata watu na vifaa, kuna kazi ya miaka mitatu."

"Ikifanyika, kuna mtoto atapona?"

"Sijui, bibi. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nakudanganya. Isipofanyika, najua hapana."

Mwenyekiti alikimbilia meza ya mbele akarudi na karatasi. Hadi leo watu wanasema kama angenyamaza pale, huenda angeipata ile sahihi. Lakini alimwekea mama yake karatasi mkononi, na kalamu juu yake. "Mama, mgeni anasubiri. Tia sahihi tu, hayo mengine ni ya familia."

Bibi alichukua kalamu. Akaifunika kifuniko chake. Akaitia mkobani, akazirudisha leso juu yake, akaufunga.

"Naondoka nayo," akasema.

Mgeni rasmi aliondoka pia, na wapambe wake, na hundi yake. Hundi ilikataa kupita mlangoni. Waliigeuza huku, wakaigeuza kule, mwisho wakaikunja katikati na kadibodi ikalia kama kuni. Wengi walimfuata, maana walikuja kwa ajili yake. Ubongo ulibaki jukwaani na shimo lake, na hakuna aliyeunadi wala kuula. Mwenyekiti alikaa kwenye ukingo wa jukwaa akihesabu kwa sauti alichopoteza, hadi mkewe akamwambia nyamaza. Waliobaki ni majirani, mwalimu na kopo lake, na wale wazazi wa meza ya nyuma, ambao mmoja wao alikuja kumuuliza Mama Chiriku kwa sauti ndogo: ile keki, ile ya ndani, angeweza kuwaokea nyingine, wawaonyeshe ndugu zao wasioelewa?

Makopo yalikuwa na kitu. Si cha miaka mitatu. Cha kuanzia.

Baba Chiriku alikwenda akasimama mbele ya mama yake, mikono imening'inia, kama mtoto aliyevunja kikombe. Mkewe akasimama nyuma yake.

"Nyinyi wawili msidhani yamekwisha," bibi akasema. Hakuwatazama. "Mlinizikisha mtoto pungufu, mkapokea na pole zangu. Hilo nitawadai hadi kaburini."

"Ndiyo, Mama."

Akaukumbatia mkoba. Ukumbini wahudumu walikuwa wanafagia, naye aliufuata ufagio kwa macho hadi alipohakikisha hakuna kilichobaki chini.

"Huo mlango wa friza," akasema mwishowe. "Unafunga vizuri?"

"Unafunga, Mama. Mpira nimebadilisha mwenyewe."

"Na umeme ukikatika?"

"Kuna jenereta. Na mimi nitakuwa nimeshafika."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Ndipo alipojifuta mdomo, kwa mkono wa gauni lake zuri.